Mvua ya Kuoshea Bati

Jirani anapuliza salfa kwenye mikorosho yake, na ile harufu ya yai viza imeniingilia mpaka kwenye chai. Nimeimwaga.

Kwetu Chiola unga huo wa salfa ulilala juu ya bati kiangazi kizima, umechanganyika na mavi ya njiwa. Ndiyo maana bibi alitukataza kukinga mvua ya kwanza. "Iacheni ioshe bati," alisema, "za kunywa zitakuja." Lakini mimi nilikuwa nimechoka kwenda kisimani kila siku. Siku mvua hiyo ilipokuja, bibi akiwa shambani, nikatega ndoo.

Mvua ilipokatika nilikuta maji ya njano, yana utelezi kama makamasi, na mjusi aliyeoza anaelea, tumbo limepasuka. Nilimtoa kwa vidole, nikatapika kidogo, nikatema. Kisha nikayachuja maji yale kwa upindo wa kanga yangu na kuyamimina kwenye mtungi wa kunywa.

Bibi alirudi amelowa, ana kiu. Alichota kwa kopo, akanywa lote bila kupumua, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Umekwenda kisimani na mvua yote hii?"

"Nimekwenda, bibi."

"Basi Mungu akubariki, mjukuu wangu. Wenzio wangekinga ya batini." Akaninyooshea kopo. "Hebu niongeze."

Vidole vyangu bado vilikuwa vinanuka mjusi. Nikalipokea kopo, nikamwongeza.