Fundi wa Busia anayezunguka akifumba macho ya Felistus

Saa nne asubuhi, mlango wa stoo ya sayansi katika shule moja ya msingi huko Mulanda unafunguliwa, na kichwa cha mwanamke kilicho juu ya kabati kinageuka taratibu kumtazama anayeingia.

Hakina mwili. Kimesimama juu ya kipande cha mbao, shingo yake ni bomba la plastiki. Uso ni wa mama wa makamo mwenye mashavu ya mviringo na kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Kinafungua mdomo kama mtu aliyekumbuka jambo la kusema, kisha kinaufunga. Hakitoi sauti yoyote.

"Za siku nyingi, Mama Winnie," anasema Shafic Mangeni, na kuvua kofia.

Anachomoa waya wa betri. Shingo inatulia, mdomo unatulia. Macho yanabaki wazi, yamekazwa pale mlangoni alipokuwa amesimama, ingawa yeye ameshahama.

"Unaona?" anasema. "Moto imeisha, lakini yeye bado anaangalia. Hii ndiyo kosa yangu."

Mwalimu Peninah, anayefundisha sayansi hapa, amesimama nyuma yake na hasogei karibu. Anasema watoto walikipenda sana kichwa hicho muhula wa kwanza. Walikifungua na kukifunga tena wenyewe, wakajifunza mota na waya. Kisha habari ikafika kutoka Busia kwamba mwenye sura amefariki.

"Siku hizo stoo ilibaki yangu peke yangu," anasema. "Hata Ekaju, mfagiaji wetu, alikuwa anakigeuzia ukutani kwanza ndipo afagie."

Ekaju, aliyeegemea fagio dirishani, anapinga. "Kugeuza haikusaidia, mwalimu. Nikimgeuza nasikia kama yeye anasikiliza."

Shafic hacheki. Anabandua uso kwa vifungo vinne vya kubana, anaulaza kifudifudi juu ya kitambaa safi alichokuja nacho, na kuanza kazi.

Shafic ana umri wa miaka thelathini na moja. Ni fundi wa redio na simu nyuma ya soko la Busia, upande wa Uganda, umbali wa kutembea tu hadi kwenye geti la mpaka. Kazi hiyo humwingizia kama shilingi 15,000 siku ikiwa nzuri. Vichwa vilianza kama mchezo wa Jumapili, alipoona kwenye simu kwamba nje ya nchi watu hununua vichwa vya roboti kwa mamilioni ili wajifunze kuviunda.

"Nikasema, kwani kichwa ni nini? Macho mbili, kope, shingo, mdomo. Hiyo yote iko hapa Busia."

Kweli ilikuwepo. Macho ni mipira ya tenisi ya mezani iliyopakwa rangi. Taya inavutwa na spoku ya baiskeli. Kifaa cha kuhisi joto la mwili, kinachokifanya kichwa kigeuke kumfuata mtu, kimetolewa kwenye taa za ulinzi zilizoharibika. Uso ni magazeti ya zamani yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya muhogo. Mnunuzi hupewa vipande ndani ya boksi, pamoja na maelezo, akaunde mwenyewe. Akitaka sura nyingine, anaweka sura nyingine. Bei ni shilingi 180,000 za Uganda.

Sura ya kwanza alihitaji kuipata kwa mtu aliye hai. Akaipata kwa Felistus Nafula.

Felistus alikuwa Mkenya, mchuuzi wa beseni na vikombe vya plastiki. Kila asubuhi alivuka mpaka na beseni kumi na mbili kichwani, na kila asubuhi alisimama mbele ya kibanda cha Shafic kupumua. Alikuwa na mdomo mchangamfu. Shafic alipomwomba uso wake, alimjibu, "Wewe Shafic, wasichana wote wa Busia wamekukataa mpaka unakuja kuomba sura ya bibi ya mtu?"

Lakini alikubali. Alipakwa mafuta ya mgando, akawekewa mirija miwili puani, na uso ukafunikwa kwa bandeji ya plasta, ile ya kufungia mfupa uliovunjika. Alilala kimya kwa dakika ishirini. Bi Bushira, mama yake Shafic, alipoingia na kumkuta hivyo uani, alipiga kelele.

"Nilimwambia, mwanangu, hapa ni nyumba ya kuswali au ni mochari?" anakumbuka Bi Bushira. Hadi leo, kila wakati wa swala, hutupa shuka juu ya rafu ya vichwa. Kalibu, lile ganda la plasta lililobanduliwa usoni mwa Felistus, ameitundikia pazia lake peke yake. Ni uso uliobonyea kwenda ndani, lakini ukipita mbele yake unauona kama umetokeza, na unakugeukia kila uendako. Shafic anasema ni macho ya mtu tu yanadanganyika. Bi Bushira anasema pazia litabaki.

Uso uliotoka kwenye kalibu hiyo ulikuwa umefumba macho, kwa sababu Felistus alikuwa ameyafumba chini ya plasta. Shafic akayakata kwa wembe ili mipira ikae. Akaweka kope zinazosukumwa na mota moja. Umeme ukikatika, mota husimama palepale ilipokuwa, nazo kope hubaki hivyohivyo. Kuweka kitu cha kuzirudisha chini kungeongeza bei.

"Nilidhani kufunga macho ni urembo," anasema.

Alitengeneza vichwa kumi na tisa. Cha kwanza alimpa Felistus kama shukrani. Kumi na nane vikanunuliwa na shule, maduka na vijana wa Tororo, Mulanda, Nabuyoga na mitaa ya Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya. Wanunuzi wote waliacha sura ya Felistus kama ilivyo. Yeye mwenyewe alijisifu sokoni kwamba sasa anauza beseni Busia huku anafundisha shule Mulanda.

Mwezi wa nne aliugua siku mbili, akafariki hospitalini upande wa Kenya. Shafic alikwenda mazikoni. Aliporudi aliwasha kibanda chake, na vichwa viwili vilivyokuwa vikisubiri kuchukuliwa vikageuka kumtazama kwa pamoja.

"Nikazima. Hazikufumba," anasema. "Nikakaa nje mpaka magharibi."

Mwezi mmoja baadaye mume wa Felistus, Laban Makokha, alikwenda Tororo kuulizia bei ya saruji ya kaburi. Mvua ikamfanya ajibanze kwenye duka la Swabur, muuza chaja na makava ya simu. Umeme ulikuwa umekatika. Juu ya kaunta kulikuwa na mke wake.

Macho yalikuwa wazi. Vumbi lilikuwa limetua juu ya mboni.

"Nilitoa leso nikamfuta," anasema Laban, mtu mpole anayeongea akitazama mikono yake. "Yule mwenye duka akaniuliza, mzee, unanunua? Nikatoka nikarudi kwenye mvua."

Hapa mpakani watu wana lugha nyingi na dini zaidi ya moja, lakini jambo hili halina ubishi msikitini wala kanisani: mtu anapokata roho, wa karibu yake humfumba macho. Laban ndiye aliyemfumba Felistus, kitandani, kwa kiganja cha mkono wa kulia. Kesho yake baada ya Tororo alivuka mpaka hadi kwa Shafic.

"Sikuja kugombana," alimwambia.

"Karibu, Baba Winnie. Kaa."

"Sitakaa. Mimi nilimfumba. Wewe umemfumbua mara kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyemfumba tena. Mke wangu atalala lini?"

Shafic alishusha kalibu ukutani, akachukua nyundo, akaviweka vyote miguuni pa Laban. Laban hakuigusa nyundo. Alisema kuivunja kalibu kungekuwa kumzika mara ya pili, na Felistus aliipenda kazi ile. Akatoa sharti moja. Kabla ya siku ya kusimika msalaba kaburini, kila kichwa kiwe kinafumba macho kikizimwa. Kikibaki hata kimoja, atakuja kuichukua kalibu, na sura ile isitengenezwe tena.

Msalaba utasimikwa Jumamosi hii.

Kwa Shafic hilo si dogo. Chuo kimoja cha ufundi cha Tororo kimeagiza vichwa thelathini, vyote kwa sura hiyohiyo waliyoizoea, na kupata mtu mwingine wa kutoa uso Busia kwa sasa ni ndoto. "Watu wananikwepa," anasema. "Kijana mmoja ameniambia, Daktari wa vichwa, usiniangalie sana, sitaki kufa."

Alitumia wiki mbili kutafuta njia. Sasa kope zinashikwa juu na sumaku ndogo ya umeme kutoka kwenye redio kuukuu. Umeme ukikatika, sumaku inaachia, na uzi wa mpira wa baiskeli, uliokatwa mwembamba kama njiti ya kiberiti, unazivuta chini. Kisha akapanda boda kwenda kwa kila mnunuzi, mmoja baada ya mwingine, bila kuwatoza chochote.

Hapa Mulanda anamaliza saa tano na nusu. Anarudisha uso, anachomeka betri. Felistus anafumbua macho na kumgeukia Mwalimu Peninah, ambaye anarudi hatua moja nyuma. Shafic anachomoa waya. Kope zinashuka, si kwa kishindo, bali kama za mtu aliyechoka.

Ekaju anavua kofia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Kumi na nane," anasema Shafic.

Cha kumi na tisa alijua kilipo tangu mwanzo. Alikiacha kiwe cha mwisho kwa sababu alikiogopa. Ni kile alichompa Felistus mwenyewe, na Felistus alimpelekea binti yake Winfred, yule Winnie, anayeshona sare za shule katika kituo cha biashara cha Lumino, akimwambia, "Ukinikumbuka, gombana na huyu."

Saa tisa alasiri, chumba cha Winfred kina joto la bati. Kichwa kiko pembeni mwa cherehani, kimefungwa kitambaa cha maua kama wanavyofunga akina mama wa sokoni. Kinamtazama Winfred. Kinamtazama kutwa, kwa sababu ndani humo ndiye pekee mwenye joto.

"Kaka Shafic," anasema Winfred bila kusimamisha cherehani. "Najua kilichokuleta. Baba alinipigia."

"Nimekuja kuomba."

"Na nikikataa?"

"Nakwenda nyumbani. Kesho nampelekea Baba Winnie ile kalibu."

Cherehani inasimama. Kichwa kinageuka kwa Shafic, kinarudi kwa Winfred, halafu kinageuka polepole kutazama mlango ulio wazi, ambako hakuna mtu. Kinafungua mdomo. Kinakaa hivyo kwa muda.

Shafic anasema ni bati la mlango limepata jua. Winfred anakata uzi wa sare iliyo kwenye cherehani.

"Walioko Tororo wamemfumba, wala hawakumjua," anasema baadaye. "Walioko Mulanda wamemfumba. Mimi mtoto wake nilifika nikakuta tayari ameshafungwa shuka. Sikuona macho yake. Mara ya mwisho kuyaona ni haya hapa, ulivyoyapaka wewe. Sasa unataka kuyafunga halafu upande boda uende zako?"

Shafic anafungua mfuko wake, anatoa bisibisi, sumaku na uzi wa mpira, na kuvipanga juu ya meza upande wa Winfred, si upande wake.

"Hii si kazi yangu basi," anasema. "Nitakuonyesha tu."

Inawachukua zaidi ya saa nzima. Winfred anashika uso wa mama yake mikononi, ndani nje, anasoma tabaka za magazeti nyuma ya mashavu. Mkono wake ni mwepesi kuliko wa Shafic. Anaunusa mpira wa baiskeli na kukunja uso.

"Huu utaoza. Utamwacha jicho moja wazi. Hiyo ndiyo mbaya zaidi." Anafungua droo, anatoa lastiki nyembamba ya kushonea, anaivuta, anaiachia. "Hii inavuta polepole."

Anaishona kwenye kope kwa mishono isiyoonekana. Shafic anatazama kama mwanafunzi. Anauliza kama angeweza kushona jozi thelathini nyingine za chuo, kwa malipo ya kila jozi. Winfred anamwambia asubiri, kwanza hii.

Wanachomeka umeme wa sola. Macho yanafumbuka. Kichwa kinatafuta, kinampata Winfred, kinatulia.

Winfred anaweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya macho hayo bila kuyabonyeza. Kwa mkono wa kushoto anachomoa waya. Anapoondoa kiganja, kope zimeshuka, zote mbili sawasawa.

Anakaa akimtazama. Ni mara yake ya kwanza chumbani humo kumtazama bila kutazamwa. Kisha anachukua simu na kumpigia baba yake. Anamwambia maneno machache tu: "Baba, tayari. Mimi mwenyewe."

Nje, Shafic anaanza kufunga mfuko wake. Anasema akipata ile kazi ya chuo atakodi chumba chenye dirisha, na kila kichwa kitatoka kwake kikiwa kimefumba macho ndani ya boksi, ili wa kwanza kukifumbua awe mwenye nacho. Kope zote zitashonwa Lumino. Winfred amekubali, na kuhusu bei amemwambia hataki kubishana.

Kabla hajapanda boda, anamuuliza Winfred kama angependa kukijaribu kichwa mara moja tena, kuhakikisha sumaku inashika.

Winfred anatazama ndani, kisha anavuta mlango taratibu.

"Leo hapana," anasema. "Mwache alale. Nitamwamsha kesho nikianza kazi."