Maziwa ya Mama Mkwe

Naikumbuka siku moja ya Ramadhani, mwanangu, nikiwa bibi harusi mgeni kule Kotile. Tulikuwa kwenye safu ya tarawehe, wanawake bega kwa bega, gesi ikanitoka tena. Udhu ukatenguka, nikalazimika kutoka nikatawadhe upya. Nyuma yangu nikasikia kicheko. Niliumia sana. Tangu niolewe tumbo lilikuwa limejaa kama kiriba, na sasa lilikuwa linaninyima hata swala yangu.

Shangazi wa mume wangu alisema ni jini. Nikafukizwa ubani, nikanyweshwa shubiri, nikaharisha vibaya, na gesi ikabaki palepale. Hapo nikakasirika. Baada ya Idi nikaanza kuacha chakula kimoja kimoja, nione tumbo litasemaje. Niliacha maharagwe, wapi. Niliacha sukari, wapi. Kikabaki kile ambacho sisi wafugaji hatukishuku kamwe, maziwa mabichi, ambayo mama mkwe alinikamulia mwenyewe kila alfajiri.

Kwetu bibi harusi harudishi kikombe cha mama mkwe. Mimi nikakirudisha. Haukupita muda tumbo likatulia, nikaswali nikamaliza. Lakini yeye akakileta tena mbele ya majirani, akaniuliza kama ng'ombe wake wamekuwa najisi.

Nikamjibu, "Maziwa yako ni mazuri, mama, lakini tumbo ni langu na swala ni yangu. Sinywi."

Alininunia muda mrefu, na mume wangu akanisihi ninywe tu kidogo kwa heshima. Nilikataa. Maziwa mala, yale yaliyogandishwa, niliyaweza, hayo nikayanywa mbele yao wote. Mabichi sijayagusa mpaka leo.

Sasa wewe, mwanangu, nasikia unameza vidonge vya duka la dawa kwa siri na kukwepa msikiti kwa aibu. Aibu ya nini? Kila mwenye tumbo ana gesi. Acha chakula kimoja, ngoja, kisha jaribu kingine, mpaka umpate mchokozi. Ukiona damu chooni, ukikonda, au maumivu yakizidi, nenda hospitali, usingoje ruhusa ya mtu. Na ukishakijua kinachokudhuru, kikatae, hata kama anayekumiminia ni mimi.

Mola akupe tumbo tulivu, akujaalie swala isiyokatika, na ulimi usioogopa kusema sitaki.