Panya wa Ghala la Viazi

Kaka yangu mdogo alianza kuangukaanguka shambani, kule kwetu Kuresoi. Mguu wa kushoto ulikuwa ukiburuta kama si wake. Hospitalini Nakuru walimwingiza kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, na daktari akatuonyesha madoa meupe. Alisema ni multiple sclerosis: kinga ya mwili inakula ganda la mishipa ya fahamu.

"Dawa iko?" mama akauliza.

"Ya kupunguza makali iko, mama. Nyingine bado zinajaribiwa kwa panya. Wanapewa ugonjwa unaofanana na huu. Mkia hulegea kwanza, halafu miguu ya nyuma. Wanapigwa picha kabla ya dawa na baadaye."

Kaka akacheka. "Afadhali mimi sina mkia."

Daktari alitaka picha ya pili baadaye. Madoa yakiongezeka, angebadilisha dawa. Ng'ombe wetu alikuwa ameshauzwa kulipia ile ya kwanza, kwa hiyo tukategemea mbegu ya viazi, iliyokuwa imetandazwa ghalani ikichipua, tuiuze mvua ikikaribia.

Nilipochukua mitego kwenda kutega panya wa ghalani, mama alinizuia mlangoni.

"Usiwaue. Wenzao wanaugua kwa ajili ya baba."

Baba ni kaka. Alipewa jina la babu, mzaa mama, na mama hakumwita vingine.

"Mama, wale ni wa maabara. Si hawa."

"Nani alikuambia Mungu anawatenganisha?"

"Waache basi," kaka akasema kutoka kitini. "Lakini mimi hawa sijawaona wakija kuniuguza."

Mama hakucheka. Nilirudisha mitego. Mama hakuwa na kitu kingine cha kumfanyia mwanawe.

Mnunuzi alipofika na lori kutoka Elburgon, aligeuza viazi vichache mkononi. Machipukizi yote yalikuwa yametafunwa. Akatuambia pole, akaondoka.

Picha ya pili haikupigwa. Kaka aliendelea kumeza dawa ileile, na hakuna aliyejua kama inafanya kazi. Mkono ukafuata mguu. Kisha uji ukaanza kumpalia, kifua kikajaa, tukamzika mahindi yakiwa ya kupaliliwa.

Mama huniuliza kama ile picha ingemwokoa. Namwambia hapana. Ukweli ni kwamba sijui. Nilimuuliza daktari, naye hakujua.