Mama Aliyehamishwa Nchi na Simu

Siku kampuni ya simu ilipoamua kwamba mama yangu amehama nchi, mama alikuwa uani kwake Bangwe, amekaa kwenye kigoda, anapara migebuka ya mchana. Sijui waliohama nchi huwa wanafananaje, ila sidhani kama huwa na magamba ya samaki mpaka kwenye viwiko, huku mguu mmoja ukiwa na kazi ya kumfukuza paka.

Hukumu nilisomewa mimi, kwa kuwa namba yangu ndiyo ya pili kwenye mkataba wake. Tulikuwa tumewaomba waufunge mkataba ule, mama abaki na namba yake tu, maana bili zilikuwa hazieleweki. Jibu likaja kwa sauti ya binti, laini, ya kubembeleza: mteja ameondoka nchini kabla ya muda wa mkataba kwisha, kwa hiyo anadaiwa ada ya kusitisha mkataba, na laini yake imefungwa mpaka alipe. Kisha akanitakia siku njema. Kazi yangu ni ualimu. Nimezoea kudanganywa na wataalamu, watoto wa kidato cha pili ambao bibi zao hufa kila muhula, lakini uongo wa namna hii sikuwahi kuusikia.

Mambo yalianzia sokoni Ujiji. Mama anauza mawese pale tangu mimi sijazaliwa. Wanawake wa Simbo wanamletea, wanunuzi wanampigia, na biashara yote imekaa ndani ya namba moja ya simu ambayo hajawahi kuibadilisha. Basi wakaja vijana wenye fulana za rangi ya kuumiza macho, wakasimamisha mwavuli, wakafungulia muziki mpaka kuku wa jirani wakahama. Walimpa mama simu yenye kioo kipana, wakasema ni zawadi. Namba ni ileile, mama, na utaongea mpaka uchoke, unalipa mwisho wa mwezi tu. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kwa maandishi madogo kama chawa. Mama aliweka dole gumba pale alipoonyeshwa, akawashukuru, akawapimia chupa ya mawese kila mmoja. Walizipokea bila aibu yoyote.

Sasa nyumba yetu imegeukia ziwa, na kilima kiko mgongoni. Mnara wa mjini uko nyuma ya kilima hicho. Mtaani kwetu kila mtu ana mahali pake pa kupigia simu. Jirani mmoja hupanda juu ya jiwe la kuanikia dagaa, mwingine husimama mlangoni mwa choo na kuongea mambo mazito kabisa, na hakuna anayemcheka mwenzake. Mama aligundua dirisha la chumbani kwake, upande wa ziwa. Hapo mistari ya mtandao ilijaa yote. Akatundika kikapu dirishani, akaweka simu humo, na jioni majirani wakaanza kuja kuomba kuongea kidogo kwenye kikapu cha mama. Alijisikia kama amefungua posta.

Mistari ile ilikuwa ya mnara wa Kongo. Ziwa halina kilima cha kuziba, na simu ni kitu kisicho na uaminifu, huenda kwa anayesikika zaidi. Kitu pekee ambacho kingetushtua ni saa ya simu. Ikiwa kikapuni, simu ilirudi nyuma saa nzima, kwa sababu ng'ambo saa zao ziko nyuma ya zetu. Mama aliona imepewa uvivu kiwandani. Yeye anaswali kwa adhana, hapiki kwa simu wala halali kwa simu, kwa hiyo akaiacha na uvivu wake. Bili ndizo zilizokuja zimenenepa, zimeandikwa matumizi ya nje ya nchi.

Baada ya ile hukumu niliwapigia huduma kwa wateja. Nilisikilizishwa wimbo wao mpaka nikaujua, nikabonyeza moja, nikabonyeza nne, nikarudishwa kwenye moja. Hatimaye akapokea kijana.

"Pole kwa usumbufu, mpendwa mteja. Mama yako kwa sasa yuko nchi gani?"

"Yuko jikoni."

"Jikoni wapi, mpendwa mteja?"

"Bangwe."

Nikasikia anaandika. "Na Bangwe ipo nchi gani?"

Nilimwambia apande treni, ashuke mwisho wa reli, Kigoma, aulize. Akaniambia ananielewa kabisa ninavyojisikia, lakini mfumo unaonyesha mteja yuko nje. Nikamwambia mimi namwona kwa macho, anakuna nazi. Akasema mfumo hausomi hivyo. Nimekutana na watu wengi wenye imani kali, wa msikitini na wa kanisani, lakini sijaona anayemwamini Mungu wake kama yule kijana alivyouamini mfumo.

Nilikata simu nikiwa nimepandisha mori, nikamwambia mama kesho tunakwenda ofisini kwao mjini kuwasha moto. Mama akanawa mikono polepole, akasema tukalipe.

Hapo ndipo nilipojua kuwa tunaogopa vitu viwili tofauti. Mimi nilikuwa nawaza wizi. Yeye alikuwa anawaza lile neno, nje. Babu yake mama alivuka kutoka ng'ambo, zamani hizo ambapo hakukuwa na mtu ufukweni wa kumuuliza anakwenda wapi. Mama amezaliwa Ujiji, ameolewa Ujiji, na wazazi wake amewazika Ujiji. Lakini kwetu huku mpakani mtu huulizwa yeye ni wa nchi gani. Unaulizwa ukifuata kitambulisho, unaulizwa basi likisimamishwa njiani, unaulizwa kwa sababu ya lafudhi yako au jina la baba yako. Mama ameshaulizwa mara nyingi, na kila mara alirudi nyumbani akalala mapema.

"Wameshaandika niko ng'ambo," akasema. "Leo imeandikwa kwa watu wa simu. Kesho itasomwa na nani?"

Nikamwambia hakuna anayesoma makaratasi ya kampuni ya simu. Akanitazama jinsi anavyowatazama wanunuzi wanaodai mawese yake yana maji.

Tulikwenda. Ofisi yao ina kiyoyozi kikali na picha kubwa za familia zinazocheka na simu, watu wenye meno ambayo hayajawahi kutafuna muhogo mkavu. Msimamizi alikuwa kijana nadhifu, amehamishiwa Kigoma kutoka Dar, na alikuwa bado na uso wa mtu anayesubiri kuambiwa ni utani. Alikuwa na adabu, hilo siwezi kumnyima. Alisimama, akamwamkia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaanza hotuba niliyoipanga usiku kucha. Nilikuwa nimefika katikati, kwenye neno dhuluma, kijana akainua macho kutoka kwenye kompyuta akamuuliza mama, bila ubaya wowote, kama anavyouliza jina, "Mama, unayo pasi uliyosafiria?"

Mama akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Akashika ukingo wa kaunta, akaanza kusema, haraka, kwa sauti ya mtoto anayesema somo alilolikariri: baba yake ni nani, alikuwa fundi mashua Ujiji, babu yake alijenga wapi, kaburi lake liko upande gani, la bibi liko wapi, nani walishuhudia ndoa yake, nani wapo hai wanaoweza kuitwa hata sasa hivi. Kaburi baada ya kaburi, bila kukosea. Kijana alijaribu kumkatiza, mama akazidisha mwendo, kwa sababu alishajifunza kuwa wanaokatiza ndio wanaotafuta ulipokosea.

Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Niligeuka, nikaona watu wa makamo wanatazama sakafu, na mzee mmoja midomo yake inacheza taratibu. Nilijua anapitia makaburi ya kwao. Nilitaka kulia, na kwa kuwa mimi huwa silii ofisini, nikapiga kaunta kwa kiganja.

"Njoo Bangwe," nikamwambia yule kijana. "Njoo ukae dirishani kwa mama yangu, uone alikohamia."

Mama akatulia. Akamwambia aje Jumamosi, kutakuwa na ugali wa muhogo na samaki.

Alikuja, tena kwa bodaboda, na viatu vyake vyeupe vikapokelewa na tope la mtaani kwetu kama wageni wengine wote. Mama alimpeleka dirishani kabla ya chakula, akamweka kwenye kiti, akaomba simu yake, akaitia kikapuni. Tulisubiri. Ziwa lilikuwa limetulia na milima ya Kongo inaonekana. Simu ya msimamizi ikalia mara moja, ikalia tena. Akaichukua. Ilikuwa meseji ya Kifaransa inayomkaribisha ugenini, na saa yake ilikuwa imerudi nyuma. Ikafuata ya kampuni yake mwenyewe, ikimtakia safari njema.

"Sasa na wewe umehama," nikamwambia. "Unatudai pamoja au kila mtu na lake?"

Alicheka, maskini, akala migebuka mitatu, akamega ugali kwa ukarimu ambao ulimfurahisha mama kuliko kicheko chake. Akasema mwenyewe kwamba kosa ni lao. Akatuambia Jumatatu tufike, atafuta ada yote na kufungua laini. Nililala usingizi mtamu wa mtu aliyeshinda, nikiwa nimeshawasimulia nusu ya walimu wenzangu jinsi nilivyoiliza kampuni nzima kwa dirisha la chumbani.

Jumatatu msimamizi alikuwa amechangamka. Akageuza kioo cha kompyuta ili na sisi tuone. Ili ada ifutike, akasema, lazima achague sababu, na mfumo una sababu mbili tu. Ya kwanza, mteja amerudi nchini. Akibonyeza hiyo, ada inafutika na laini inafunguka papo hapo. Ya pili, mteja ameamua mwenyewe kuvunja mkataba. Hiyo laini inafunguka, lakini ada inabaki palepale, yote.

"Kwa hiyo nabonyeza ya kwanza," akasema.

"Ngoja," mama akasema. "Hiyo ya kurudi. Mtu harudi mpaka awe alikwenda."

"Ni maneno tu, mama. Ni ili mfumo ukubali."

"Andika sikwenda."

"Hakuna sehemu ya kuandika hivyo, mama."

Mama akafungua pochi yake, ile inayonuka mawese hata ukiifua, akaanza kutoa fedha za mzigo wa mwezi ule.

"Andika nimevunja," akasema.

Nilipayuka. Sikumbuki yote niliyosema, ila foleni yote ilisikia kwamba tumeshinda, kwamba huyu kijana amekula kwetu na kukiri, kwamba huwezi kulipa ada ya kitu ambacho mwenye kudai ameshasema hadai. Hata msimamizi alikuwa anamsihi, kidole chake kikiwa juu ya ile sababu ya kwanza. Mama alihesabu noti zake bila kututazama, akazisogeza mbele ya kijana, akaomba risiti. Kijana alibonyeza ya pili. Simu ya mama ikaamka mkononi mwake na kuanza kupokea meseji za wanunuzi waliokuwa wakimtafuta.

Nilimfuata nje nikiwa bado nafoka. Nilimwambia amewapa wezi fedha zake kwa mkono wake, kwamba mzigo wa mwezi mzima umekwenda hivihivi, na kwa ajili ya nini.

Alisubiri nimalize. Kwa hasira yangu mama huwa anasubiri, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo avuke barabara.

"Hela nitauza mawese nitaipata," akasema. "Nikikubali kwamba nilirudi, siku nikifa mtaulizwa mnanizika hapa kama nani."