Programu Isiyojua Kusalimia

Makambako ikikosa upepo, ujue kuna jambo. Mji ule na upepo ni ndugu wa kunyonya ziwa moja: mabati yanapiga kelele mchana kutwa, vumbi linaingia hadi kwenye chai, na mgeni akilalamika wenyeji wanamcheka. Alasiri ile ya mwezi wa saba upepo ukakatika. Nahumu Mlowe alikuwa kibandani kwake karibu na stesheni ya reli, ameinamia kompyuta ya mwalimu mmoja, akasikia kimya. Akatoka nje, akatazama juu. Wingu hakuna, hata la dawa. Hakufikiria kitu kingine ila kitalu cha dada yake Tabea kule kijijini Kichiwa.

Nahumu ni nani? Ukiuliza pale mjini utaambiwa ni fundi kompyuta, mjuzi, tena mbishi kuliko punda wa mkaa. Kompyuta ambayo mafundi wengine wameshaitangazia matanga, yeye aliiondolea vumbi, akaiwekea programu huria, ikafufuka. Programu huria ndizo zilikuwa dini yake ya pili baada ya Ulutheri: zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua, kuzisoma zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kumgawia jirani bila kuomba ruhusa ya mtu. Zilizofungwa alizichukia waziwazi.

“Programu usiyoruhusiwa kuifunua ni chungu cha mchawi,” alikuwa akiwaambia wateja. “Utakula tu. Siku tumbo likikuuma, utamuuliza nani?”

Na mimi nasema alikuwa na haki, nisije nikaonekana namsema vibaya. Lakini jamani, mteja anauliza tu kitufe cha kuchapisha kiko wapi, bwana mkubwa anaanza na uhuru wa binadamu! Mwalimu wa watu anataka kuchapa mtihani, anapewa hotuba. Wengi walitoka mle wakiwa na kompyuta nzima na kichwa kinachouma, na hawakurudi.

Tabea ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Nahumu akiwa bado anatambaa, na Tabea akambeba mgongoni huku akilima kabichi kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni zinazobaki na unyevu hata kiangazi. Kabichi zile ndizo zilizomsomesha kijana mpaka akawa fundi. Sasa Tabea alikuwa mjane. Vinyungu alikuwa amewaachia wenye nguvu, naye akageukia kitalu cha miche ya parachichi, chini kidogo ya nyumba yake. Mwaka huo alikuwa ameibebesha yote kwa mkono wake, akiunganisha kila mche na kikonyo cha mparachichi bora, kimoja kimoja, akikifunga kwa utepe kana kwamba anafunga kidonda cha mtoto. Uzee wake wote ulikuwa mle kitaluni.

Adui wa kitalu Njombe ni sakitu, baridi ile inayoshuka alfajiri baada ya usiku usio na upepo wala wingu, majani yanaamka meupe, jua likipanda yanageuka meusi kama yamepitiwa na moto. Dawa yake ni moja tu: uwahi kujua, ufunike miche kwa nyasi kavu kabla ya giza. Kwa hiyo Nahumu, kwa kumpenda dada yake, akatengeneza vipimajoto. Akavisimamisha juu ya vijiti mabondeni, kimoja Kichiwa, vingine upande wa Njombe, kila kimoja na sola yake na betri, na nyuma yake programu huria aliyoiandika pamoja na vijana wenzake wa Mbeya. Kipimajoto kikihisi hatari, watu wanapata ujumbe kwenye simu. Wanakijiji wakapangiana zamu ya kufuta vumbi kwenye sola na kuangalia betri. Kazi safi kabisa.

Ila ujumbe wenyewe sasa! Ulisomeka hivi: KCW -1 ASB. Maana yake Kichiwa, nyuzijoto moja chini ya sifuri, asubuhi. Tabea aliusogeza mbali na macho, akausogeza karibu, akauliza hii ni habari au ni namba ya gari. Akamwomba mdogo wake akifanye kile kitu kimpigie simu kama mtu, kimsalimie, ndipo kiseme. Nahumu akacheka. Akasema salamu si taarifa. Sauti nzuri zilikuwa za makampuni, zimefungwa, na hawezi kuwafungulia watu mlango wa mbele halafu awafungie uani. Kijana mmoja wa Mbeya akamwambia ipo sauti iliyo huria, inakwaruza kidogo lakini inasikika, waishughulikie pamoja. Nahumu akajibu kwamba watu wajifunze kwanza kusoma namba. Hilo neno likapita, kama maneno mengi yapitavyo.

Ndipo akaja Jirani.

Jirani ilikuwa programu ya simu ya kampuni moja ya mbali, na aliyeileta ni kijana mtanashati aitwaye Frederick. Waliizindua Njombe mjini kwa vitenge na soda, kisha Frederick akazunguka makanisani, akaomba nafasi kwenye matangazo baada ya ibada. Hakuwa Mbena kama wenyeji, lakini aliwashika mikono wazee wote mmoja mmoja, akiwaamkia kwa lugha yao, kamwene, kamwene, mpaka wa mwisho. Na Jirani yenyewe ilifuata adabu ileile. Jioni inakupigia, sauti ya binti mpole inakuita kwa jina, inakuamkia kwa Kibena, inakuuliza habari za nyumbani, ndipo inakwambia usiku utakuwaje, na asubuhi inakupa habari za alfajiri. Bure. Kichiwa nzima ikahamia huko ndani ya msimu mmoja, na Tabea akiwa mbele.

Vipimo ilivitoa wapi? Kwa Nahumu. Vilikuwa huria, Jirani ikavichota bila kuuliza, naye hakukasirika, maana huo ndio ulikuwa msimamo wake: maji ya kisima ni ya wote. Alimuuliza Frederick jambo moja tu, kama na wao watafungua programu yao watu waione ilivyo ndani. Frederick akatabasamu.

“Kaka Nahumu, wewe una kisima,” akasema. “Sisi tuna kata. Watu wenye kiu hawaulizi kata imechongwaje.”

Sasa angalia ubaya unavyoingia nyumbani, unaingia taratibu, umevua viatu. Watu wakaanza kuamini kwamba ile sauti inatoka huko mbali, kwenye mitambo, pengine mbinguni. Hakuna aliyekumbuka tena kile kijiti chenye kisanduku bondeni. Zamu ya kufuta sola ikapita kwa fulani, hakwenda. Ikapita kwa mwingine, akasema kwani bado kile kinatumika? Vumbi likakaa, betri ikachoka, kipimajoto cha Kichiwa kikanyamaza.

Na Jirani haikunyamaza. Hapo ndipo Nahumu alipoona giza. Kwenye kompyuta yake Kichiwa hapakuwa na namba hata moja, lakini jioni Jirani iliendelea kuwapigia watu wa Kichiwa na kuwaambia baridi ni ya kawaida, walale salama. Ilikuwa inachukua vipimo vya wiki iliyopita na kuvipaka sukari, mteja asije akasikia neno sijui akaudhika. Hiyo ndiyo hofu yangu na hivi vitu vitamu, kwamba vinaona haya kusema sijui. Nahumu akawaandikia wenye kampuni. Jibu likaja papo hapo kwamba maoni yake ni ya thamani sana kwao. Akatuma ujumbe wake mwenyewe kijijini: KCW HAKUNA DATA. Wachache waliobaki nao wakaufuta.

Basi turudi alasiri ile, upepo umekatika. Kipimajoto kimoja cha upande wa Njombe kilikuwa kinashuka kama jiwe kisimani, na Kichiwa kimya. Akampigia Tabea, simu ikaita mpaka ikachoka. Yuko kitaluni, akajiambia, simu iko ndani. Akafunga kibanda, akatia betri mpya mfukoni, akapanda pikipiki, akamwambia dereva asimhurumie.

Njia nzima alikuwa akitazama moshi wa majiko ya watu. Ulikuwa unapanda wima, haupepesuki. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya kweli kabisa.

Sasa hapa lazima ujue kitu kimoja. Kwa Wabena salamu si urembo. Hata uwe na haraka ya namna gani, unasimama, unasema kamwene, unajibiwa, unauliza watoto, unaulizwa safari. Anayeingia uani kwa watu bila salamu ana moja kati ya mawili: amekuja kwa ugomvi au amebeba msiba. Nahumu alilijua hilo tangu mgongoni kwa Tabea.

Tabea alikuwa ameketi nje na jirani yake Yunis, wanamenya viazi. Nahumu akaruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama, akaingia mbio, mikono juu, pumzi hana.

“Dada, inuka! Inuka, tusichelewe!”

Yunis akatupa kisu akaangua kilio. Tabea aliteremka kitini, akakaa chini kwenye maganda ya viazi. Mwanawe Anderson alikuwa dereva wa lori la mbao kwenye barabara ya Songea. Tabea alilitaja tu jina la mtoto, mara moja, kwa sauti ambayo Nahumu hajaisahau mpaka leo.

Nahumu akababaika. La, si Anderson, Anderson hana neno, ni kipimajoto, kimezimika, Jirani inawadanganya, sakitu inakuja leo, miche ifunikwe. Maneno yakamwagika yote kwa pamoja. Majirani waliokuwa wameshakimbilia kilio wakatazamana. Mmoja akacheka, kisha wakacheka wengi, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Tabea hakucheka. Alijipangusa maganda taratibu, akasimama, uso umekunjamana.

“Umenizikia mwanangu,” akasema, “kwa ajili ya betri.”

Nahumu akaomba radhi, lakini radhi zake zilikuwa na maelezo ndani yake, na radhi yenye maelezo haijawahi kumtuliza mtu. Watu wakanong'ona kwamba fundi ana wivu, Jirani imemnyang'anya wateja. Na hapohapo, kana kwamba imeitwa, simu ikalia ndani. Yunis akaileta, Tabea akaifungulia sauti.

“Kamwene mama Tabea,” ikasema ile sauti ya upole. “Habari za nyumbani? Usiku wa leo baridi Kichiwa ni ya kawaida. Lala salama, mama.”

“Kamwene mwanangu,” Tabea akaijibu, kama alivyoizoea kila jioni. Kisha akamtazama Nahumu. “Hii haina mama wala baba, lakini imefunzwa. Wewe nilikufunza mimi.”

Ilimchoma. Akasogea kuchukua nyasi kavu zilizolundikwa pembeni, Tabea akamkataza asiguse kitalu chake, atavunja vikonyo. Bado palikuwa na njia. Kila mmoja pale uani aliijua: mtu aliyekosea mlango anarudi nje getini, anavua kofia, anaingia upya, kamwene dada, kamwene mama Yunis, anakaa, anakunywa chai, ndipo anasema neno lake, na neno lake linasikilizwa. Ingekula dakika ambazo jua lilikuwa bado linazo. Nahumu aliliwaza hilo, namjua, aliliwaza. Lakini alikuwa na ukweli mkononi, na mwenye ukweli mkononi huona salamu ni kupoteza muda.

Akashuka bondeni kutengeneza kipimajoto. Eti wataona wenyewe! Akafuta sola, akabadili betri, kikawaka. Namba zikaanza kushuka mbele ya macho yake huku bonde likijaa ubaridi usio na sauti, na kule juu taa za majikoni zikizimwa moja moja. Kipimo chake kilikuwa sahihi. Jirani ilikuwa imeshapiga simu zake za jioni, haitapiga tena mpaka asubuhi. Aliporudi akakuta mlango wa Tabea umefungwa kwa ndani. Akabisha, akaita, haukufunguliwa. Nyasi nazo Tabea alikuwa ameshazihamishia stoo na kutia kufuli, mdogo wake asije akazigusa. Akalala kwa Yunis bila kupata usingizi.

Kulikucha kweupe. Kitalu kizima kilikuwa kimemwagiwa unga, kizuri hata kukitazama. Tabea alikuwa amesimama katikati ya matuta na shuka mabegani, hasogei. Jua likapanda, na weupe ule ukaondoka, na majani yakaanza kulegea na kuwa meusi, tuta baada ya tuta, mpaka kwenye ua.

Nahumu akaja mpaka getini. Akasimama nje. Akavua kofia.

“Kamwene dada,” akasema.

Nimeishi kwa Wabena, nimeona watu wakiburuzana mahakamani na bado wanaamkiana mlangoni. Salamu haiachwi chini. Tabea alimsikia, maana mabega yalimcheza, lakini hakugeuka. Ndani ya shuka simu ikalia. Akaitoa, ikazungumza kwa sauti ileile, mbele yao wote wawili, na safari hii ilikuwa na namba za kweli, zile za betri mpya.

“Kamwene mama Tabea. Alfajiri ya leo kumeshuka sakitu Kichiwa. Pole sana, mama.”

Tabea akaitazama simu, machozi yanamtiririka.

“Kamwene mwanangu,” akaijibu. “Asante.”