Nyufa za Kochi la Nesi

Mdogo wangu wa mwisho tunamwita Bubu, ingawa ulimi anao mzima. Ametengeneza makochi ya ngozi miaka thelathini, na maneno aliyosema miaka yote hiyo hayajai kikombe. Ukimuuliza umelalaje, anapiga nyundo. Mimi dada yake ndiye ninayeshona mito, kwa hiyo mambo yake nayajua mpaka ya mfukoni.

Pale kwenye banda la mafundi kuna sheria moja isiyo na huruma: ukiuza plastiki ukaiita ngozi, unabeba nyundo zako unaondoka. Wawili nimewaona wakiondoka hivyo, mmoja analia.

Basi siku hiyo, saa nne asubuhi, akaingia nesi mkuu wa hospitali, sare imenyooka kama ubao, dereva nyuma yake kabeba mto wa kochi. Ukatupwa juu ya meza ya Bubu. Umepasukapasuka kama kisigino kisichojua mafuta. Nesi akasema ameuziwa plastiki, miaka miwili tu kochi limezeeka kuliko mama yake mzazi. Wala hakusema na mdogo wangu. Alimwita mwenyekiti wa banda. Mafundi wakaacha kazi. Wengine, nawajua, walishaanza kuimezea mate meza yetu, iko mlangoni penye mwanga.

Bubu akauvuta mto karibu yake. Nikamwambia sema, wewe mwanaume. Akachukua kisu, akafumua mshono wa chini, akakata kipande kama ukucha. Njiti ya kwanza ya kiberiti ikazimika. Ya pili ikazimika. Nesi akacheka kwa pua. Ya tatu ikashika, kipande kikajikunja. Plastiki ingeyeyuka ikadondoka. Hii ilinuka nywele zilizoungua. Mwenyekiti akainama, akanusa, akanusa tena kama mbwa mlangoni kwa bucha, akasema hii ni ngozi.

"Sasa mbona imepasuka?" nesi akauliza.

Mimi ule mto nilishaunusa. Ulikuwa unanuka wodi. Nikamuuliza anaufuta na nini. Akajibu kwa kujivuna kwamba kila asubuhi anapitisha spiriti, kama vitanda vya wagonjwa, kwake hakai kijidudu. Mafundi wakaguna. Spiriti inaikausha ngozi mafuta yake yote. Kila asubuhi, miaka miwili, hata mamba angepasuka.

Nikadhani yameisha. Nesi akamgeukia mdogo wangu, sasa kwa sauti ya chini.

"Fundi, siku uliyoniletea kochi nilikuuliza nilitunzeje. Ulinijibu nini?"

Siku hiyo nilikuwepo na nilisikia. Mwenyekiti akanitazama mimi. Nikafungua mdomo nidanganye, Mungu ananiona, uongo ulishafika kwenye meno.

Bubu akaniwahi. "Nilimwambia afute kila siku. Sikumwambia na nini."

Mwenyekiti akakata shauri: ngozi ni ngozi, na meza inabaki ya Bubu, ila mito yote sita aitengeneze upya, kwa sababu mteja aliuliza akajibiwa nusu. Nesi akaondoka bila samahani hata ya kuazima, na jina la mdogo wangu keshalipaka matope mbele ya watu kumi na wanne.

Nikamwambia Bubu mito ile sishoni mpaka yule mama arudi aombe radhi palepale alipotukana.

"Dada," akasema, "mimi ndiye niliyekosa."

Nikamwambia basi shona. Akashona mwenyewe, na macho yake mabovu, mshono unakwenda kama mlevi anarudi kwake. Siku tatu nilikaa kwenye kigoda nikimtazama anajichoma vidole. Sindano sikuigusa. Nesi nikimwona mpaka leo navuka barabara, na Bubu anajua lile neno lake, kwamba yeye ndiye aliyekosa, sijalimeza.