Leo baba mkwe wa dada kaingia jikoni

Shemeji kachapwa na baba yake leo, mbele ya sufuria ya chai.

Mzee alitoka kijijini Ikuti kuja kutusalimia hapa Msasani. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke na baba mkwe hawatazamani, kwa hiyo dada apike, mimi nipeleke.

Maziwa yalichemka na tangawizi. Dada akatia majani ya vifuko, akavikamua kwa kijiko mpaka chai ikawa nzito.

Shemeji akaingia.

"Mzee analima chai, wewe unampikia vifuko vya dukani?"

Kofi. Sufuria chini. Nikashika mwiko, na naapa ningempasua kichwa.

Mlango ukafunguka. Mzee! Jikoni!

Fimbo ikamshukia shemeji mgongoni, tena na tena, mpaka akapiga magoti kwenye maziwa.

"Gwe, wewe! Mimi hata usoni sijawahi kumtazama, kwa heshima. Wewe unampiga?"

Kisha mzee akageukia ukuta, akaniambia mimi:

"Mwambie mkwe wangu afungashe. Namrudisha kwao mwenyewe."

Dada alikuwa pale pale. Alisikia kila neno.

Nyie mngerudi kwa mume huyo?

Tunaelekea stendi sasa. Mzee mbele, dada nyuma, mimi na begi katikati.

Shemeji tumemwachia sufuria.